Ndege Wajua Wakati wa Kurudi

Somo: Yeremia 8:4-7

Twawaomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha Nabii Yeremia, mlango wa 8, mkasome mstari wa 4 hadi wa 7.

Katika maneno hayo nabii anashangaa sana. Aangukaye hujitahidi kusimama tena, na aliyepotea njia hutafuta pa kurudia. Mbona basi watu wa Yerusalemu wameishika njia ya upotevu, wala hawataki kugeuka? Ndipo nabii anapoinua macho na kuwataja ndege wa angani: koikoi, hua, mbayuwayu na korongo. Hao hakuna aliyewafundisha shuleni, lakini wanaujua wakati wao wa kuja, wala hawaukosi. Watu wa Mungu, walio na sheria mikononi mwao, hawaujui.

Leo twataka kufanya kama alivyofanya nabii. Twataka kuinua macho na kutazama ndege na wadudu wanaokusanyika kwenye maji yetu ya Kitui na Makueni wakati wa mvua, tujifunze neno moja tu: kurudi kwa wakati.

Katika nchi za Ulaya kuna majira ya kuchipua. Theluji huyeyuka, miti hutoa majani, na ndege waliokimbia baridi hurudi. Sisi wa Ukambani hatuna theluji. Kwetu kinachofanana na baridi yao ni kile kiangazi kirefu kinachotufikisha Oktoba. Wakati huo migunga husimama bila majani, mito huwa njia za mchanga mtupu, na akina mama huamka usiku na punda wao kutafuta mtungi wa maji. Kisha, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, mawingu huanza kukusanyika. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema. Mvua hiyo Wakamba huiita nthwa, nayo katika sehemu kubwa ya Ukambani ndiyo ya kutegemewa kuliko ile ya Machi na Aprili. Hiyo ndiyo majira yetu ya kuchipua. Katika muda wa siku kumi nchi iliyokuwa ya kijivu huvaa kijani.

Je, twende wapi tukatazame? Hatuna ziwa kubwa kama Victoria au Naivasha. Kaskazini ya Kitui kuna maji mengi ya Mto Tana yaliyozuiwa Kiambere tangu mwaka 1988. Kibwezi, katika Makueni, kuna chemichemi za Umani, ambazo maji yake hutoka katika vilima vya Chyulu na kupita chini ya mawe ya volkano mpaka yatokeze msituni. Lakini walio wengi kati yetu huishi karibu na maji madogo zaidi: bwawa la udongo la kunyweshea ng'ombe, au bwawa la mchanga katika mto wa msimu. Haya madogo yatatutosha.

Labda wako wasikilizaji wa mbali wasiojua bwawa la mchanga ni kitu gani. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mkavu, na msingi wake hushuka mpaka kwenye mwamba. Mvua inyeshapo, mafuriko huja na matope na mchanga. Matope mepesi hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hubaki nyuma yake. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na katikati ya chembe za mchanga huo hukaa maji, karibu robo hadi theluthi ya ujazo wote. Jua haliyanywi upesi. Mbu nao hukosa pa kutagia, maana maji hayakusimama wazi. Baadhi ya kuta hizo zilijengwa katika miaka ya 1950, na tangu mwisho wa miaka ya 1970 vikundi vya mwethya, vya akina mama zaidi, vimebeba mawe na mchanga kwa mabega na kujenga mamia mengine. Palipo na ukuta mzuri, kando yake huota mikuyu na mianzi, na hapo ndipo viumbe hukusanyika.

Basi tutazame. Na tuanze na wadogo, maana ndio wanaowaita wakubwa.

Siku moja au mbili baada ya mvua ya kwanza kuiloweka ardhi, mchwa vibarua hufungua matundu katika vichuguu vyao. Kisha kumbikumbi hutoka, madume na majike wenye mbawa, maelfu kwa maelfu, wakipanda juu kama moshi. Kila jozi ikishuka huziacha mbawa zake, hutafuta ufa katika udongo laini na kuanza nyumba mpya. Walio wengi hawafiki. Kuku wanawangoja, vyura wanawangoja, na watoto wenye sufuria wanawangoja. Lakini yule mmoja anayefaulu aweza kuwa malkia, akaishi miaka mingi na kutaga maelfu ya mayai kwa siku. Wangetoka wiki mbili mapema, udongo ungekuwa mgumu kama tofali. Wangechelewa, ungekuwa umekauka tena. Mlango wao hufunguliwa kwa siku chache tu, nao huingia.

Wiki hizo hizo kereng'ende huonekana juu ya kila kidimbwi. Tazama wale wa manjano, wenye mbawa nne zinazong'aa kama kioo. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja aitwaye Charles Anderson, aliyekaa muda mrefu katika visiwa vya Maldivi, aliandika jambo la ajabu juu yao. Kila Oktoba kereng'ende hao hufika visiwani kwa mamilioni, ingawa visiwa hivyo karibu havina maji ya baridi yaliyo wazi. Alionyesha kwamba wanatoka India wakichukuliwa na upepo, na kwamba huendelea mpaka Afrika ya Mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 juu ya bahari. Wanafuata mvua. Wakiikuta hutaga mayai yao katika vidimbwi, na watoto wao huishi majini wakila viluwiluwi vya mbu. Kwa muda wa wiki sita hivi wamekomaa, wakaruka, kabla ya kidimbwi kukauka. Mdudu mwenye urefu wa kidole cha mtoto!

Nyuki nao huja majini. Hatuhitaji kuwaeleza wafugaji wa Kitui na Kibwezi habari za mizinga, maana mizinga ya magogo ilining'inia katika mibuyu na migunga yao tangu zamani. Lakini wengi hawajui kwamba nyuki hachoti maji kwa kunywa tu. Siku za jua kali huyatandaza ndani ya mzinga na kuyapepea kwa mbawa, nyumba ipoe, watoto wasife kwa joto.

Si wadudu wote waletao furaha. Mvua hiyo hiyo huleta viwavijeshi, ambao katika siku chache huweza kulifanya shamba la mahindi kuwa vijiti. Wala hatujasahau nzige wa jangwani walioingia Kenya Desemba 2019 na kufika Kitui mwanzo wa mwaka 2020, watoto wakipiga madebe shambani kuwafukuza. Na hapo ndipo tunapowahitaji ndege.

Mapema Novemba angalia waya za simu na nyaya za umeme barabarani. Utaona mbayuwayu wamejipanga, kila mmoja na mkia wake wenye panda mbili. Uzito wa mmoja ni kama gramu 20. Ametoka Ulaya au Asia, akala mbu na nzi njia nzima. Pamoja naye huja keremkerem wenye rangi nyingi, ambao huwapenda nyuki kuliko mfugaji apendavyo.

Kisha tazama juu, wakati jua limepata nguvu. Ukiona ndege wakubwa weupe, ncha za mbawa nyeusi, midomo na miguu myekundu, wakizunguka polepole bila kupiga mbawa, hao ni korongo weupe. Ndege huyu hawezi kuvuka bahari kubwa, kwa sababu hutegemea hewa ya joto ipandayo kutoka nchi kavu imwinue. Kwa hiyo akitoka Ulaya hupitia Uturuki na Shamu, hushuka bonde la Yordani, hukata Sinai na Misri, kisha huuandama Mto Naili kuja kusini. Mamia ya maelfu hupita juu ya nchi ya Biblia kila mwaka, kwenda na kurudi. Basi mwaonaje, ndugu? Ndege aliyezunguka juu ya kichwa cha nabii huko Yuda ni wa ukoo wa hawa hawa wanaotembea katika mashamba yetu wakiokota viwavijeshi na panzi. Somo la Yeremia limekuja mpaka shambani kwetu.

Wako pia wanaokuja usiku, wasionekane na mtu. Kusini ya Mtito Andei, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kuna mahali paitwapo Ngulia. Tangu mwaka 1969 wataalamu wa ndege hukusanyika huko mwisho wa mwaka. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, ndege wadogo wasafirio gizani huvutwa na taa na kushuka vichakani. Wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, huwavika mguuni pete nyepesi yenye nambari, kisha huwaachilia waende zao. Mamia ya maelfu wamevikwa pete hizo, na nyingine zimeokotwa tena huko Urusi na nchi za Mashariki ya Kati.

Mmoja wa wasafiri hao wa usiku ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, ambaye ukimwona hutamtazama mara ya pili. Huzaliwa Ulaya, na katika mwaka wake wa kwanza hupita Afrika ya Mashariki kwenda kusini. Njiani husikiliza. Mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alieleza uchunguzi wake wa nyimbo za ndege hao huko Ubelgiji. Aligundua kwamba kila dume huiga sauti za aina nyingi za ndege, kwa wastani 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Yaani mkulima wa Ubelgiji afunguapo dirisha lake asubuhi, husikia sauti za vichaka vya huku kwetu bila kujua. Ndege huyo alikuwa mgeni kwetu miezi michache tu, lakini hakusahau alichosikia.

Wenyeji nao wana kazi zao. Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, hujenga juu ya mti kando ya mto nyumba ya vijiti kubwa kuliko pipa, yenye paa imara na mlango mdogo ubavuni. Kwera hufuma viota vyao vya majani juu ya maji, ambapo nyoka hufika kwa shida. Mlembe, yule ndege kiongozi wa asali, humwita mtu kwa kelele na kumpeleka kwenye mzinga wa mwituni, ili mtu akiupasua naye apate nta. Wazee walilisema jambo hilo siku zote. Mwaka 1989 mtaalamu wetu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walilipima kati ya Waborana wa kaskazini: aliyetafuta asali peke yake alitumia karibu saa 9 kwa wastani, na aliyeongozwa na ndege karibu saa 3.

Hata mkuyu, mti aliopanda Zakayo, una mgeni wake. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama huingia ndani ya kuyu bichi na kulichavusha. Bila nyigu huyo hakuna mbegu ya mkuyu, na bila mkuyu ukingo wa mto hubaki uchi.

Sasa turudi kwa nabii. Kwa nini Yeremia alichagua ndege wanaosafiri, asichague jogoo au kunguru? Kwa sababu hawa hurudi. Mlango wote wa 8 unazungumza juu ya watu waliogeuka wakaenda zao wasirudi. Korongo naye alikwenda zake, tena mbali sana, lakini saa ilipofika aligeuza kichwa. Umbali haukumzuia. Hakungoja mpaka kila kitu kiwe tayari, wala hakusema, "Nitarudi mwaka ujao." Kutubu, wapendwa, ni neno hilo hilo: ni kugeuza kichwa na kurudi, wakati mlango ungali wazi.

Lakini liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Ndege hurudi kwa imani. Hurudi akitumaini kwamba bwawa aliloliacha lipo, mti upo, wadudu wapo. Je, tumemtunzia?

Jina la Mtito Andei lenyewe ni ushahidi. Kwa Kikamba ndei ni tumbusi, hao tai wa mizoga, na jina hilo lasema juu ya msitu wao. Waliopaita hivyo waliona tumbusi wengi. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba aina nane za tumbusi wa Afrika walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka 30, na sababu ya kwanza waliyoitaja ni sumu. Mtu amepoteza mbuzi wake kwa fisi au simba, akatia sumu katika mzoga ili alipize kisasi. Fisi hufa mmoja, na tumbusi hamsini wakafa pamoja naye. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wakaongezeka, na magonjwa pamoja nao. Ndivyo ilivyo pia na dawa kali zinazomwagwa kando ya maji kuwaua kwelea wanaokula mtama. Mkulima ana haki ya kulinda mtama wake. Jasho lake tunalijua. Lakini sumu haisomi majina. Humwua kwelea, na korongo aliyekuja kula viwavijeshi, na nyuki wa jirani.

Na tuseme juu ya mchanga. Nairobi inajenga, na mchanga wa mito ya Makueni na Kitui umechukuliwa kwa malori mchana na usiku. Kijana anayepakia lori hilo hatumhukumu kwa haraka. Mara nyingi ni kijana wa kanisa letu, anatafuta karo ya mdogo wake. Lakini mchanga ukiondoka, chombo cha maji kimevunjika. Mafuriko hupita juu ya mwamba kama juu ya bati, na baada ya wiki mto ni mkavu. Visima vya karibu hushuka, mikuyu hufa, kwera hukosa pa kufuma. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga wake. Sheria ni nzuri. Lakini Yeremia alisema na watu waliokuwa na sheria!

Twakumbuka sote kiangazi cha juzi. Kuanzia mvua za mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano mfululizo haikutoa mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini ya Kenya. Ng'ombe walianguka, watoto waliacha shule. Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua ilikuja kwa nguvu nyingi, maji yakapita. Aliyekuwa na ukuta mzima mtoni alipata pa kuyaweka. Aliyesema atautengeneza baadaye aliyatazama yakienda baharini.

Pengine msikilizaji asema moyoni, "Mambo haya ni makubwa. Watu hawawezi kugeuka." Basi tumalizie kwa kisa cha kweli, nacho ni cha ndege anayefika kwetu.

Novemba na Desemba, kumbikumbi watokapo, huenda ukaona juu ya Kitui na Tsavo makundi ya kozi wadogo, wenye miguu myekundu, wakiruka huku na huku wakiwadaka angani. Hao ni kozi wa Amur. Wamepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na Uchina, ambako huzaa. Mmoja hafikii robo kilo. Kila mwaka huja kwa njia ya India, kisha huivuka bahari bila kupumzika, siku kadhaa mchana na usiku, majira yale yale wavukapo kereng'ende. Wenye kuchunguza hudhani kwamba kozi huwala kereng'ende hao njiani, kama mana jangwani.

Kabla ya kuvuka, kozi hupumzika kwa wingi mno katika jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki ya India, karibu na bwawa liitwalo Doyang. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wavuvi wa vijiji vya hapo walitega nyavu zao katika miti na kuwanasa kozi hao, makumi ya maelfu katika msimu mmoja, wakawauza kwa nyama. Watu wa Nagaland walio wengi ni Wakristo, Wabaptisti. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini waliopata fedha mahali rahisi, kama wengi wetu. Habari ilipoenea, serikali, wahifadhi, wazee wa vijiji na makanisa waliketi pamoja. Mwaka uliofuata, 2013, nyavu hazikutegwa. Kwa mwaka mmoja tu! Waliokuwa wakitega wakawa walinzi. Mwezi Novemba wa mwaka huo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kuwafuata kutoka mbali, nao wakavuka bahari wakafika Afrika. Mmoja wao, aliyepewa jina Naga, aliruka mpaka kusini ya Afrika, akarejea kwao kuzaa, na mwaka 2014 akaonekana tena Doyang. Ndege alirudi kwa sababu watu walikuwa wametangulia kurudi.

Ndugu zetu hao hatujapata kuwaona, lakini tunagawana nao ndege mmoja na Bwana mmoja. Waliyoyafanya kwenye bwawa lao, sisi twaweza kuyafanya kwenye letu. Basi tufanye nini?

Kwanza, tutazame. Haihitaji darubini. Keti kando ya bwawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni, unyamaze nusu saa. Shule ya Jumapili na inunue daftari moja. Waandike tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kumbikumbi, ya mbayuwayu wa kwanza, ya korongo, na tarehe ambayo wazazi wao walipanda. Baada ya miaka mitano kanisa litakuwa na kitabu cha majira ya kijiji chake, na mkulima atajua kama alipanda mapema au alichelewa.

Pili, tutengeneze kabla ya mvua. Ukuta ulio na ufa, tuta la shamba lililobomoka, mche wa mkuyu ukingoni, vyote vina wakati wake, na wakati huo ni Septemba na Oktoba. Kikundi cha akina mama na kile cha vijana wagawane siku.

Tatu, tuache sumu majini na katika mizoga. Na kijana wa malori tusimtupie mawe ya maneno. Wazee na waketi naye wamtafutie njia nyingine ya karo: mizinga, miche, au kazi ya kujenga ukuta.

Nne, na hili ni kwa kila mmoja peke yake. Kama umekwenda mbali na Bwana, labda miaka mingi, umbali si kitu. Korongo ametoka mbali kuliko wewe. Geuza kichwa leo, wakati mlango ungali wazi.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyewapa ndege majira yao na mchwa saa yao, twakushukuru kwa mvua na kwa maji yaliyofichwa mchangani. Utusamehe kwa kuharibu tulichopewa kutunza. Utufundishe kujua wakati wetu. Uwape nguvu wanaojenga, na chakula wanaongoja mavuno. Na kila aliye mbali nawe umrudishe nyumbani. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.